Scholastika na Gari ya Umeme ya Marehemu

Dada yangu Scholastika hakulia. Naanza hapo kwa sababu ndipo watu wa mtaani wanapoanzia wakimsema, na mimi nimechoka kusikia habari za dada yangu kwenye midomo ya watu ambao hata kibiriti hawajawahi kumuazima.

Mume wake Dickson, Baba Huruma, alianguka bafuni Jumapili moja ya mwezi wa tatu, anajiandaa kwenda kanisani. Presha. Tulimpakia kwenye gari yake mwenyewe, mimi naendesha, yeye amelala siti ya nyuma, kichwa kwenye mapaja ya dada. Gari ile haina mlio. Njia nzima nasikia changarawe chini ya matairi na kiatu chake kimoja kinagonga mlango. Hospitali wakatuambia ameshaondoka. Dada akainama, akamvuta soksi ikakaa sawa, akanyoosha gauni lake, akakaa kwenye benchi. Nilikaa pembeni yake nasubiri apige kelele na mimi nipige. Hakupiga. Basi na mimi yangu nikaimeza, sijaitoa mpaka leo.

Mtaani wakaanza. Eti gari ndiyo imemuua. Eti mtu hawezi kukaa juu ya betri kubwa vile kila siku, umeme unapanda mgongoni unakula moyo taratibu. Mama mmoja aliyasema haya akiwa anakula ubwabwa wetu wa matanga. Nilimwambia mama, sahani yako imejaa, ondoka nayo. Dada akanivuta shati, akasema, "Isaka, muongezee mchuzi." Huyo ndiye dada yangu.

Gari yenyewe naieleza, maana bila gari hii hamtamwelewa.

Dickson aliendesha Noah ya bosi miaka mingi, Masasi na Newala, Newala na Masasi. Mimi nilikuwa deiwaka wake, akichoka nashika usukani mimi. Ile kazi tunaijua wote. Ukitoa mafuta, ukitoa hesabu ya bosi, ukitoa fundi, jioni unarudi kwa mkeo na harufu ya petroli. Siku moja akauza kiwanja chake, akapanda basi kwenda Dar, akarudi na gari ndogo ya umeme, used ya Japani. Stendi walicheka mpaka wakakaa chini.

"Dickson kanunua friji ya matairi!"

"Baba Huruma, ukikwama porini unachomeka kwenye mkorosho?"

Akawaambia, "Chekeni, mkimaliza mniambie, mimi nalala kidogo." Kweli akashusha kiti akalala.

Wakacheka wakachoka, maana hesabu haina mdomo lakini inaonekana. Noah kwenda Newala na kurudi inameza petroli ya elfu thelathini na kitu, na sheli ikipandisha bei unameza wewe mate. Dickson ananunua umeme wa LUKU, safari ileile, haifiki elfu kumi. Oili ya injini hamna, maana injini hamna. Plagi hamna. Mkanda hamna. Gasketi ya kuungua hamna. Fundi Salmini wa gereji pale Mkuti alifungua boneti, akaangalia, akafunga kwa upole kama anafunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Akasema, "Sasa Baba Huruma, kwa gari hii mimi na wanangu tunakula nini?"

Abiria nao walikuja wenyewe. Wale wanaotapika kwenye Noah, humu hawatapiki, hakuna harufu wala kutikisika. Mama mwenye mgonjwa anapiga simu usiku kuamkia safari, anawekewa siti ya mbele, siku hiyo dada anahamia nyuma.

Sisemi ni gari ya malaika. Umeme ukikatika, na huku kwetu unakatika, Dickson alibaki nyumbani. Kuchaji kunachukua usiku mzima. Mtwara huendi moja kwa moja. Lakini alishaipangia maisha yake. Usiku inachaji ukutani nje ya dirisha la chumba. Asubuhi anapanda nayo Newala na abiria, na dada siti ya mbele na matenga yake ya nyanya na vitunguu anapeleka sokoni, maana kule juu maji ya shida, mboga inapandishwa kutoka huku chini kwetu Masasi. Mchana anachomeka kwa Hamidu, mchomeleaji mageti wa kulekule Newala, anamlipa uniti zake, wanakula pamoja. Jioni wanateremka. Miaka miwili hivyo. Nyumba ikapata bati jipya, Huruma akaenda shule ya bweni.

Halafu ile Jumapili.

Arobaini ilifanyika Makote, huko Newala, kwao marehemu. Kwetu huku mali ya mwanaume inafuata mpwa, yaani mtoto wa dada yake. Serikali ina sheria yake nyingine, lakini serikali haikuja kwenye arobaini. Walikuja wakulungwa, wazee wa ukoo, na mkubwa wao Mjomba Bonifasi, mjomba wake Dickson, mzee mrefu ana sauti ya chini ambayo lazima unyamaze ndiyo uisikie. Upande wa dada nilikaa mimi, maana watoto wa Scholastika mimi ndiye mjomba wao.

Mjomba Bonifasi akasema gari inakwenda kwa Lameck, mpwa wa marehemu. Mikorosho ambayo Dickson alipanda na mkewe pale Makote abaki nayo mjane na watoto.

Nikasimama. "Mjomba, hiyo gari ndiyo jiko la yule mama. Korosho ni mara moja kwa mwaka, watoto wanakula kila siku!"

"Kaa chini, kijana. Umekuja kama mjomba wa watoto. Basi kaa kama mjomba."

Watu wakacheka. Nikakaa, masikio yanawaka. Nikamwangalia dada. Anatoa jani kwenye kanga. Lameck akamfuata, akasema, "Shikamoo anti. Funguo ziko wapi?" Dada akafungua pochi akampa. Na waya wa kuchajia akampa, ameukunja vizuri. Ndiyo mazungumzo yote yaliyofanyika kuhusu gari ile.

Baada ya pale nilimwona dada anaisha. Simaanishi kukonda. Anaamka, anafagia, anakaa. Nyanya anapandisha kwa Noah za watu, nauli yake na ya matenga, anarudi jioni na kilichobaki hakijai kiganja. Ukimuuliza umekula, anasema ndiyo. Ukiuliza nini, anafikiria. Ada ya Huruma ikaanza kudaiwa. Mimi, siku hizi naendesha bodaboda, nilisukuma nilivyoweza, na ukweli nilisukuma kidogo.

Huku Lameck naye kashika gari. Huyu Lameck ni dereva, tena mzuri, simnyimi haki yake, lakini ni dereva wa petroli mpaka kwenye mifupa. Anakimbiza mlima. Anapakia watu saba kwenye gari ya watu watano. Kwao Makote nyaya za nyumba ni nyembamba, akichomeka, soketi inanuka, fyuzi inaanguka. Akafanya nini? Akachukua jenereta, akamimina petroli, akachajia gari kwa jenereta! Gari iliyonunuliwa ili isinywe petroli, yeye akainywesha kwa mrija. Stendi walilia kwa kicheko. Kwa Hamidu hakwenda, alisema hawezi kumlipa mchomeleaji kwa sababu ya soketi.

Lakini kilichomuua zaidi ni mteremko. Dereva yeyote wa Newala akifika pale barabara inapoanza kushuka anatoa gia, anaweka nyutro, anaacha gari ijiendee yenyewe, ashike breki tu. Ni kuokoa mafuta. Mimi nilifundishwa hivyo, aliyenifundisha alifundishwa hivyo. Lameck akafanya hivyohivyo kila siku. Akifika chini breki zinatoa moshi, na chaji inamwishia kabla hajaiona Masasi. Mara tatu nimempita kwa bodaboda maeneo ya Chiungutwa, abiria wamekaa kwenye mawe, wanadai nauli zao. Mara ya tatu alinisimamisha.

"Isaka! Hii gari mlikuwa mnaifanyaje?"

"Mimi sijui. Si urithi wako?"

"Betri imekufa hii. Marehemu mjomba kaondoka nayo."

"Pole," nikamwambia, nikawasha pikipiki. Nilifurahi, kwa nini nidanganye. Jioni nikamsimulia dada, nimeongeza chumvi na pilipili, nikitaka acheke. Akaniuliza, "Breki zilikuwa zinatoa moshi?" Nikasema ndiyo, kama jiko la mkaa. Akaendelea kuchambua mchele.

Mwezi wa saba, watu wanapulizia dawa mikorosho, tukaitwa tena Makote. Gari ipo uani kwa Mjomba Bonifasi, vumbi mpaka kwenye vioo, kuku wamelala chini yake. Lameck amekaa pembeni, hataki kuiangalia. Mjomba akasafisha koo.

"Mama Huruma, tumekuita. Gari hii imegoma. Mafundi wawili wameiona, wanasema betri yake ni bei kuliko gari. Tumefikiri hivi. Wewe ichukue, utauza hata vyuma. Mikorosho irudi kwa Lameck, mpwa asikae mikono mitupu."

Hapo nilisimama bila kuomba ruhusa. "Mnampa mjane maiti ya gari, mnachukua miti inayozaa? Karibu na msimu? Mjomba, hata aibu..."

"Isaka," dada akasema.

"Niache niseme!"

"Isaka, kaa." Halafu akageuka kwa mzee. "Mjomba, nachukua gari."

Shangazi mmoja akapiga ulimi. Mimi nilihisi kama mtu kanimwagia maji. Nikamnong'oneza, dada umerogwa? Hiyo mikorosho ndiyo ada ya mtoto!

"Umesikia vizuri nilichosema?" mzee akauliza.

"Nimesikia. Nachukua gari, naacha mikorosho yote. Naomba mjomba uyaseme tena, na hawa mama waliokaa kule nyuma wasikie."

Mzee akamtazama kidogo. Akayasema tena, kwa sauti. Lameck akatoa funguo mfukoni haraka kama zinamuunguza.

Ilikuwa na chaji kidogo sana. Tukaipeleka Newala mjini polepole, baiskeli zinatupita, watoto wanakimbia pembeni wanasukuma kwa kujitolea. Hamidu alipotuona tunaingia, alizima mashine yake, akavua miwani ya kuchomelea. Akachukua waya mwenyewe, akachomeka, akaenda nyuma ya kibanda akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho mekundu. Akasema ni moshi. Dada alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Alimpa Hamidu kipande.

Jioni tukaondoka, mimi kwenye usukani, nimenuna. Tukafika pale mteremko unapoanza. Mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye gia kutafuta nyutro.

Dada akaushika. "Acha."

"Tunapoteza chaji!"

"Acha, Isaka. Toa mguu kwenye mafuta tu."

"Hakuna mafuta humu."

"Hapo pa mafuta. Toa mguu. Usiguse gia."

Nikatoa. Gari ikajibana yenyewe, kama mtu ameikamata kwa nyuma. Breki siishiki, na haikimbii. Dada akaelekeza kidole kwenye zile namba za chaji mbele ya usukani. Tulianza kushuka na hamsini na nne. Kona moja, kona nyingine, ikawa hamsini na tano. Nilidhani macho yananidanganya. Tulipomaliza mlima ilisoma hamsini na nane. Tumeshuka mlima na chaji imeongezeka.

"Mlima unaisukuma gari, gari inatengeneza umeme," dada akasema. "Ukitoa gia, mlima unakupita bure, unabaki kuunguza breki. Baba Huruma breki zake hakubadilisha tangu ainunue."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyomsikia akisema tangu mwezi wa tatu. Nikaegesha pembeni. Nikamgeukia.

"Kwa hiyo ulijua gari ni nzima."

"Nimekaa siti hii miaka miwili."

"Na Lameck anakwama kila siku, ukajua sababu."

"Uliponiambia breki zinatoa moshi, nikajua."

"Mbona hukusema?"

Akaangalia nje. "Hawakuniuliza."

Nilitaka acheke, hata kidogo, nicheke naye. Uso wake ulikuwa uleule wa kwenye benchi la hospitali.

Wiki zilizofuata nilimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira. Kazi rahisi, haina klachi, haizimiki ukikosea. Akapata leseni. Stendi wakampokea na yao, "Mama Friji kaingia!" Akawasalimia wote, akapakia watu wanne, akaondoka. Hakupiga debe hata siku moja, na siti zilijaa. Anatoka na nyanya zake, anachomeka kwa Hamidu, anarudi jioni. Umeme ukikatika anabaki, anafua. Ada ya kwanza ikalipwa, ya pili ikafuata. Mimi nikamuuliza anajisikiaje siku ya kwanza alipopanda mlima peke yake. Akasema kiti kilikuwa mbali, akakivuta mbele.

Mwezi wa kumi, korosho zimeanza kuanguka, nilipanda naye Newala siku hiyo kumsaidia matenga. Lameck akatuona stendi. Akaizunguka gari mara mbili kama askari wa barabarani.

"Shikamoo anti."

"Marahaba, Lameck. Habari za Makote?"

"Nzuri. Anti, mmeweka betri mpya?"

"Hapana."

"Anti, usinifanye mtoto. Nakuona kila siku unashuka umejaza watu."

"Hatujabadilisha kitu. Ulikuwa unatoa gia kwenye mteremko. Hii haitaki. Na jenereta inakula faida yako yote."

Madereva walishasogea. Mmoja akapiga kofi paja lake. "Kumbe Lameck ulikuwa unamwaga umeme barabarani! Ndiyo maana ng'ombe walikuwa wanashtuka!"

Vicheko. Lameck akabadilika rangi. "Ulijua," akasema. "Nimelala porini na abiria wananitukana mama yangu, na wewe ulijua umekaa kimya."

"Nilijua."

"Huo ni wizi, anti!"

Nikamwingia kifuani. "Rudia hilo neno."

"Isaka, shusha matenga," dada akasema, bila kupandisha sauti. Akamgeukia Lameck. "Siku ya arobaini uliniuliza funguo ziko wapi. Nikakupa funguo. Ungeniuliza inaendeshwaje, ningekwambia."

"Namwambia mjomba. Gari inarudi."

"Mwambie."

Akampigia palepale. Siku hiyo nilikula hofu yangu yote ya mwaka. Mzee akiamua, ukoo wote umeamua, na mimi peke yangu na domo langu nitafanya nini? Jioni, tuko Masasi, simu ya dada ikaita. Akaweka spika, anaendelea kumenya viazi.

"Mama Huruma."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lameck amekuja hapa anatoa povu. Ni kweli ulijua gari ni nzima?"

Nilimkonyeza akatae. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma.

"Ni kweli, mjomba."

Nasikia kuku wa Makote kwenye simu.

"Na mikorosho ulijua inazaa?"

"Niliipalilia mimi, mjomba. Nilijua."

"Kwa hiyo uliacha unachokijua, ukachukua unachokijua." Akakohoa. "Lameck alitaka vyote viwili bila kujua kimoja. Mimi nilisema mara mbili mbele ya watu, ya tatu sisemi. Mwambie na kaka yako apunguze kelele."

"Yupo hapa, amesikia."

"Vizuri. Ijumaa nashuka huko chini, kesho yake nina kliniki ya macho. Unatoka Newala saa ngapi?"

"Saa kumi, mjomba."

"Nauli?"

Dada akaweka kisu chini. Nikajua atasema hakuna nauli, mzee ni mzee.

"Ileile ya wote, mjomba."

"Haya. Niwekee siti ya mbele." Akakata.

Niliruka. Nilipiga ngumi ukutani, nikamshika mabega. "Dada! Umewashinda! Ukoo mzima!"

Akanitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kutoka mbali.

"Nimeshinda nini?" akasema. Halafu, "Niletee maji, ndoo moja, viazi havijaoshwa."

Nikamletea.